Mchoraji Asimame Kwanza: Mwili na Nafasi katika Darasa la Uchoraji

Walimu wenzangu, wachoraji, wachongaji, nanyi wanafunzi mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha wasanii wa michoro na sanamu kuujua mwili na nafasi kwa njia ya miondoko. Niseme mapema ninachoamini: darasa la kuchora mwili wa binadamu ambalo wanafunzi hukaa vitini mwanzo hadi mwisho limewanyima nusu ya somo.

Tazameni michoro inayotoka katika darasa la namna hiyo. Pua iko mahali pake, vidole vimetimia, vivuli vimewekwa kwa subira. Lakini mtu aliyechorwa haelemei chochote. Miguu imeigusa sakafu bila kuikanyaga. Mwanafunzi hakuzembea, ametazama kwa bidii. Ila uzito haushikiki kwa macho peke yake.

Hebu simameni. Wasioweza kusimama nitawafikia, sijawasahau. Pelekeni uzito wote mguu wa kulia, na wa kushoto mulegeze hadi goti lipinde kidogo. Shikeni mifupa ya nyonga pande zote mbili. Wa kulia umepanda, wa kushoto umeshuka. Sasa sikilizeni mabega: la kulia limeinama kuifuata nyonga iliyopanda, na uti wa mgongo umejipinda ili kichwa kisianguke. Lile shimo dogo chini ya koo, kati ya mitulinga miwili, limesogea likakaa juu ya mguu unaobeba mwili. Polykleitos, mchongaji wa Ugiriki ya kale, aliuchonga mkao huu katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na tangu hapo kila kitabu cha anatomia ya wasanii huueleza kwa mistari na mishale. Mwanafunzi anaweza kuikariri mistari hiyo na bado akauchora mkao vibaya, kwa kuwa kwake ni kanuni ya kukumbuka. Mwache asimame hivyo mpaka paja lianze kuwaka moto. Baada ya hapo hatauliza tena nyonga ipi iko juu. Kaeni, asanteni.

Kilichowaongoza sasa hivi ni hisi ambayo mwanafiziolojia wa Uingereza, Charles Sherrington, aliipa jina mwaka 1906: uwezo wa mwili kujua viungo vyake viko wapi bila kuviangalia. Habari hizo hutoka kwenye vipokezi vilivyomo ndani ya misuli, kano na viungo, huku mifereji mitatu ya sikio la ndani ikileta habari za kugeuka kwa kichwa. Na hisi hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mkono unaochora. Hapa ndipo walimu wengi wanapopita haraka mno. Kila kiungo kina tao lake: kifundo cha mkono huzaa mstari mfupi, kiwiko huzaa mrefu zaidi, bega huzaa ule mpana kabisa, na hatua ya mguu huongeza usiofikiwa na bega. Mwanafunzi aliyezoea daftari dogo mapajani huchora mgongo wa mtu mzima kwa kifundo cha mkono, kipande kwa kipande, ndiyo maana mgongo huo hutoka umevunjikavunjika. Mbandikieni ukutani karatasi ndefu kumzidi kimo, mpeni mkaa wa kuchorea, achore mgongo huo kwa pumzi moja huku magoti yakikunjuka. Mstari hubadilika mbele ya macho yenu.

Sasa nafasi. Mchoraji huiita tupu, kisha huijaza rangi mwishoni. Rudolf Laban, aliyezaliwa mwaka 1879 na kusomea sanaa ya kuchora kabla hajawa mwananadharia wa miondoko, aliifikiria kinyume chake. Kwake kila mtu huishi ndani ya tufe lisiloonekana, yaani eneo lote ambalo mikono na miguu hulifikia bila kupiga hatua. Ukipiga hatua, tufe huenda nawe. Mwalimu akilifahamu hili ana zoezi tayari: wanafunzi wawili wasogeleane polepole mpaka matufe yao yaingiliane, wasimame pale wanapohisi mwili umebadilika, kisha wachore pengo lililobaki kati yao. Wachore pengo tu, wasichore watu. Pengo linalochorwa na mtu aliyelisimamia lina umbo na mvutano.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Oskar Schlemmer, mchoraji na mchongaji aliyefundisha katika shule ya Bauhaus, Ujerumani. Mwaka 1922 mjini Stuttgart alionyesha onyesho lake la dansi ambalo mavazi yake yalikuwa sanamu za kuvaliwa: silinda, matufe, koni. Vazi gumu humlazimisha mchezaji asogee kwa namna fulani, na namna hiyo humfunulia mtazamaji jiometri ya kiwiliwili. Baadaye, akiwa mkuu wa karakana ya jukwaa ya Bauhaus, alimfunga mchezaji fito ndefu kwenye viungo. Mkono ukiinuka kidogo, ncha ya ufito hufagia nusu ya jukwaa. Zoezi hili halihitaji jukwaa wala mavazi. Fito nyepesi na vitambaa vya kufungia vinatosha, na mwanafunzi ataona kwa mara ya kwanza mkono wake unaelekea wapi baada ya vidole kuishia.

Kuhusu wakati nitasema kwa ufupi. Rodin, mchongaji wa Ufaransa, aliwaacha modeli wake watembee huru katika karakana, akiwavizia kwa udongo na penseli. Sanamu yake ya Yohana Mbatizaji inatembea ilhali nyayo zote mbili zimelala chini kabisa, jambo ambalo kamera haitalikuta kwa mtembeaji wa kawaida. Rodin aliunganisha mwanzo na mwisho wa hatua katika mwili mmoja. Asingeweza kuunganisha asichokifuatilia kikitembea.

Mniruhusu niwe mkali kidogo. Hili si darasa la dansi, na mwalimu asilipambe liwe hivyo. Ondoeni vioo, maana kioo humrudisha mwanafunzi kwenye kujitazama. Muziki nao usubiri, kwa sababu utawapa wote mwendo mmoja kabla hawajaujua wa kwao. Asiguswe mtu bila ridhaa yake. Na kosa linaloharibu kazi nzuri kuliko yote ni kufanya miondoko nusu saa, kisha mapumziko ya chai, kisha kuketi na kuchora kana kwamba hakuna kilichotokea. Karatasi iwe tayari ukutani. Msuli ukiwa bado na joto, mkono uchore. Alama zitolewe kwa mchoro, kamwe si kwa uzuri wa mwondoko, la sivyo wenye miili minyumbufu watapewa sifa wasizozifanyia kazi, na wengine wataona aibu wakaacha kuhisi.

Nimeahidi kuwafikia wasiosimama. Anayetumia kiti cha magurudumu anaujua uzito kwa mifupa ya makalio, kwa viganja vinavyosukuma, kwa mgongo unaotafuta mizani kila kiti kinapokata kona. Tufe lake la nafasi lina umbo jingine, na husafiri kwa mtelezo ambao mwenye kutembea haujui. Mwalimu asimwambie akae pembeni atazame wenzake. Ampe zoezi lile lile, aanzie kwenye kiungo anachokitawala, na karatasi ishushwe ukutani hadi bega lake liweze kuchora tao zima. Kisha wenzake nao wachore wakiwa wameketi kwa urefu huo huo, wakisukumwa kutoka upande hadi upande, wasome nafasi jinsi anavyoisoma yeye.

Karatasi ziko ukutani na mkaa uko mezani. Maswali tutayajibu tukiwa tunachora.