Kibali cha Mwenyeji: Mhadhara wa Jioni Kuhusu Mpaka wa Gorizia na Nova Gorica

Walimu wenzangu na wanafunzi, leo mmeshinda mkitembea katika miji miwili iliyopakana, Gorizia ya Italia na Nova Gorica ya Slovenia, na kilichowavutia zaidi ni ule uwanja wa mbele ya stesheni ya reli, ambapo mtu huweka mguu mmoja nchi hii na wa pili nchi ile akapigwa picha. Picha si neno. Ninachokipinga, na waliokwisha kusoma nami wamenisikia mara nyingi, ni maelezo yanayofuatana na picha hiyo, kwamba mpaka huu ulifunguka mwaka 2004, Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya na uzio wa uwanjani ukaondolewa. Mwaka 2004 ulikuwa wa sherehe. Kazi yenyewe ilianza karibu miaka 50 kabla, na iliyoianzisha ni karatasi ndogo ya mwenyeji wa mpakani.

Habari za Vita vya Pili vya Dunia mmezipata asubuhi, sizirudii. Mkataba wa Paris, yaani mkataba wa amani kati ya Italia na washindi wa vita, ulipoanza kutumika tarehe 15 Septemba 1947, mji wa Gorizia ulibaki Italia, lakini stesheni hiyo iliyojengwa mwaka 1906, pamoja na vijiji vya mashariki vilivyokuwa vikiulisha mji, vilikwenda Yugoslavia, dola ambayo Slovenia ilikuwa sehemu yake wakati huo, nayo mwaka uliofuata ilianza kujijengea mji wake mpya kando ya seng'enge. Mkulima akajikuta nyumba iko huku na shamba liko kule. Katika kijiji cha Miren mstari ulipita ndani ya makaburi yenyewe, yakawapo makaburi yaliyokatwa katikati, na hali hiyo ikadumu hadi miaka ya 1970. Nawaomba mlifikirie jambo hilo kwa utaratibu: mama amezikwa umbali wa hatua chache, mwanawe amesimama na maua mkononi, na kati yao yupo askari mwenye bunduki.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sichoki kuisimulia. Jumapili ya tarehe 13 Agosti 1950, jamaa waliotenganishwa walikusanyika pande zote mbili za kizuizi ili angalau waonane na kupigiana kelele za salamu. Watu wakazidi, wakasukumana, na hatimaye maelfu kutoka upande wa Yugoslavia wakakipita kizuizi wakaingia Gorizia, na walinzi hawakuweza kuwazuia. Waliingia madukani. Walinunua vitu vya nyumbani vilivyokuwa vimeadimika kwao, na hasa mifagio, kwa wingi uliofanya siku hiyo iitwe Jumapili ya Mifagio hadi leo. Kisha jioni, wengi wao wakarudi makwao. Hapo ndipo ninapotaka mtulie, kwa sababu kila anayetetea mpaka mgumu husema kwamba ukilegeza kidogo watu watahama wote. Watu hawa walikuwa na njia iliyo wazi mbele yao, wakachukua ufagio wakarudi kwenye nyumba zao, ng'ombe wao na wazee wao, maana walichokikosa kilikuwa ruhusa ya kwenda na kurudi.

Serikali zililielewa hilo baadaye. Suala la Trieste, mji wa bandari uliogombaniwa na Italia na Yugoslavia, lilipotulizwa kwa makubaliano ya London ya 1954, Italia na Yugoslavia zilitia saini mwaka 1955, huko Udine, mapatano yaliyowapa wakazi wa ukanda wa mpakani hati maalumu ya kuvuka. Mwanamke wa kijijini aliweza kupeleka mayai sokoni, mkulima kufika shambani kwake, ndugu kuhudhuria mazishi.

Nasikia mtu anasema kwamba hayo yaliwezekana kwa sababu ya Umoja wa Ulaya na fedha zake. Umoja upi? Mkataba wa Roma, ulioanzisha jumuiya ya kiuchumi iliyokuja kuwa Umoja huo, ulitiwa saini mwaka 1957, miaka 2 baada ya hati hizo, na Yugoslavia haikuwahi kuwa mwanachama. Italia ilikuwa ndani ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, jirani yake alikuwa dola la kikomunisti, na bado walikubaliana kuhusu mayai na mazishi. Mwingine atasema mipaka yetu ya Afrika Mashariki haifananishwi na hii kwa kuwa ilichorwa na wageni. Huu nao ulichorwa na wageni: mataifa manne yaliyoshinda vita yalileta kila moja mstari wake, ukachukuliwa ule wa Ufaransa. Anayevuka Namanga au Busia kila siku kwenda sokoni ana haki ya kuulizwa anachohitaji kabla ya wataalamu kumchorea jengo jipya la forodha.

Nilikusudia kuzungumzia shule na lugha za pande hizi, lakini muda umekwisha, basi niyataje machache kwa haraka. Slovenia iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mwezi Desemba 2007. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, uzio ulirudishwa katika uwanja uleule mliopigia picha, na jamaa wakazungumza tena kupitia waya. Oktoba 2023 Italia ilirejesha ukaguzi katika mpaka huu, na miji hii ikaingia mwaka 2025 ikiwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya kwa pamoja huku ukaguzi ukiendelea.

Kwa hiyo ripoti inayoanza na 2004 nitairudisha kwa mwenyewe. Anzeni na 1955, na mwandike ni nani aliyepewa hati na ni nani aliyenyimwa.