Figo Zinapojitokeza Kwenye Picha ya Mapafu

Ahsanteni. Naomba taa zizimwe kidogo.

Mgonjwa huyu alidungwa mkononi chembe za albumini (protini ya damu) zilizounganishwa na teknesiamu-99m, kitu chenye mionzi ambayo kamera yetu huiona, ili tuone damu inavyosambaa mapafuni. Tulitarajia mapafu peke yake. Sasa tazameni huku chini, kando ya uti wa mgongo: figo, zote mbili.

Nyingi ya chembe hizo zina upana wa maikromita 10 hadi 90, na kapilari za mapafu, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo hunasa palepale. (Msiogope: zinaziba sehemu ndogo mno ya mishipa, na baada ya saa chache humong'onyoka.) Figoni zimefikaje?

Najua mnachotaka kusema: moyo una tundu, damu inavuka kutoka kulia kwenda kushoto bila kupita mapafuni. Huenda. Ila figo peke yake si ushahidi. Teknesiamu iliyobanduka kwenye albumini, yaani pateknetate huru, nayo hupitia figoni. Na mgonjwa aliyevutishwa kwanza mvuke wa DTPA, dawa ya mionzi ya kuonyesha hewa inavyoingia mapafuni, sehemu ya dawa ile hupenya mapafuni ikaingia kwenye damu, figo zikaichuja.

Pelekeni kamera kichwani. Pateknetate hupenda tezi ya thairoidi iliyo shingoni, tezi za mate na tumbo, lakini kuingia kwenye ubongo wenyewe haiwezi. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, likiwaka kwenye picha, basi chembe nzima nzima zimeyakwepa mapafu. Nasema gamba la ubongo, si ngozi ya kichwa! Likiwa kimya huku shingo na tumbo vinang'aa, kaipimeni upya dawa iliyobaki kwenye kichupa kabla ya kumtia mtu hofu ya moyo. Kwa maoni yangu, figo zikionekana tu, picha ya kichwa isiwe hiari. Ni dakika chache, na mgonjwa tayari amelala.

Na si moyo tu. Mwenye kirosisi ya ini, yaani ini lililojaa makovu, mishipa midogo ya mapafu yake inaweza kutanuka hadi chembe zikapita. Tukilijua hilo mapema, tunapunguza chembe ziwe 100,000 hadi 150,000 hivi.

Ini nalo? Likiwaka lote pamoja na wengu, shukuni chembe zilizo ndogo kupita kiasi. Likiwaka kipande kimoja tu cha mbele, ulizeni kuhusu vena kuu ya juu, mshipa unaorudisha moyoni damu ya kichwa na mikono: ikizibwa, mara nyingi na saratani ya kifua, damu ya mkono huteremka kwa vishipa vya ukuta wa kifua hadi ifike kwenye ini. Mgonjwa wa namna hiyo, mtazameni uso na shingo, huenda vimevimba.

Haya, maswali.