Uliza Kwanza Kinachopita Kwenye Waya

Mhadhara kwa mafundi na walimu wa kompyuta, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wangu, mafundi wenzangu, na vijana mliotoka Micheweni na Mkoani tangu asubuhi, ahsanteni kwa kuitika.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nitalirudia, kwa sababu simu ninazopigiwa hazijabadilika. Mtu yuko Unguja, kompyuta anayoihudumia iko Wete. Yake ni ya Linux, ile ni ya Windows, na ya mkuu wake wa kazi ni ya Mac. Swali linalokuja ni moja: "Niweke programu gani ili niitumie kompyuta ya kule nikiwa huku?" Mimi namwambia kwamba ameanza na jambo la mwisho. Programu ni chombo tu. La kuuliza kwanza ni kitu gani kinachopita kwenye waya baina ya kompyuta hizo mbili, kwa itifaki gani, yaani kwa kanuni zipi za mazungumzo, kwa sababu mifumo tofauti haielewani kwa jina la programu. Inaelewana kwa itifaki inayozungumzwa pande zote mbili.

Itifaki zinazotuhusu ni tatu. SSH hupitisha maandishi: unaandika amri, upande wa pili unaitekeleza na kukurudishia maneno. VNC, iliyobuniwa katika maabara moja mjini Cambridge, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990, hupitisha picha ya kioo, kipande kwa kipande, kila pale palipobadilika. RDP, ambayo ni ya Microsoft, hupitisha picha pamoja na maelekezo ya namna ya kuichora. Hayo mnayajua, nayapita. Ambalo mafundi wetu hawalizingatii ni herufi: ukibonyeza kitufe huku, ni nini hasa kinachovuka bahari kwenda kule? Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili limewahi kutugharimu nauli ya boti na siku mbili za kazi.

Tulikuwa tunaihudumia ofisi moja Wete. Kompyuta yao ilikuwa ya Windows na yangu, huku mjini Unguja, ya Linux. Nikaunganisha kwa RDP, kisanduku cha kuingilia kikatokea, nikaandika neno la siri, likakataliwa. Nikaandika tena polepole, kitufe kimoja kimoja, likakataliwa, na baada ya majaribio machache akaunti ikajifunga. Nikampigia simu karani, akaniapia kwamba hakuna aliyelibadilisha. Basi nikampandisha kijana wetu boti. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, akafika Mkoani hajiwezi, akapanda gari mpaka Wete, akakaa mbele ya ile kompyuta, akaandika neno lile lile. Ikafunguka mara moja. Akanipigia: "Mwalimu, mbona inafunguka?" Sikuwa na la kumjibu. Akarudi Unguja, na siku ya pili yake nikajaribu mwenyewe, nikakataliwa kama mwanzo.

Neno lile la siri lilikuwa na alama ya @ katikati. Kisanduku cha neno la siri huonesha vitone tu, kwa hiyo unachoandika hukioni. Hatimaye nikafanya ambalo ningelifanya siku ya kwanza: nikaiandika alama ile kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, ambako maandishi yanaonekana wazi. Nimebonyeza @, na kwenye kioo kimetokea alama ya kufungulia usemi, ".

Kibodi yangu ni ya Uingereza. Katika kibodi ya namna hiyo, @ iko karibu na kitufe cha Enter, na alama ya usemi iko juu ya namba 2. Katika kibodi ya Kimarekani ni kinyume chake. Na RDP, kwa kawaida yake, haipitishi alama. Hupitisha namba ya kitufe kilichobonyezwa, yaani mahali kilipo kwenye ubao, kisha upande wa pili ndio unaoamua kitufe hicho ni herufi gani, kwa kufuata aina ya kibodi iliyotangaziwa wakati wa kuunganisha. Programu yangu ilikuwa imetangaza kwamba kibodi ni ya Kimarekani. Kila nilipoandika @, Windows ya Wete ilipokea alama ya usemi, na ilikuwa na haki ya kunikatalia. Nilibadilisha neno moja katika mpangilio wa programu, nikaingia.

VNC haifanyi hivyo. Yenyewe hupitisha jina la alama: huku unasema "@", na kule programu inayopokea inatafuta namna ya kuiandika @ kwa kibodi yake. Ina taabu zake, kwa maana alama isiyokuwepo kwenye kibodi ya kule huweza kupotea, lakini kosa langu lisingetokea kwa sura ile. Aliyejua kinachopita kwenye waya angelimaliza jambo hili kwa dakika tano. Mimi nilikuwa na programu mbili nzuri, moja huku na moja kule, na elimu hiyo sikuwa nayo. Kompyuta zinazoingia visiwani kwetu, nyingi zikiwa zimeshatumika Uingereza au Dubai, zina kibodi za kila namna, na ofisi moja inaweza kuwa nazo aina zote mbili mezani. Kwa hiyo msidhani kwamba kisa hiki ni cha mtu mmoja.

Wa Mac nao wana lao. Aliyezoea kunakili kwa kitufe cha Command akiingia kwenye Linux ya watu atalazimika kutumia Control, na Control pamoja na C, ukiwa kwenye dirisha la amri, haikunakilii kitu: inaikatiza kazi inayoendelea. Nimeona kazi ya kuhifadhi nakala ikikatishwa hivyo karibu na mwisho.

Najua atatokea wa kuniuliza: "Yote hayo ya nini, na zipo programu ambazo unasomewa namba kwa simu, ukaiandika na ukaingia, iwe Windows, Mac au Linux?" Zipo, na kwa kumsaidia mzazi wako mara moja sizikatai. Lakini huko pia ulizeni kinachopita na kinapitia wapi. Kompyuta yako na ya mwenzako hukutanishwa na seva, yaani kompyuta ya huduma, ya kampuni iliyo mbali, na mara nyingi mazungumzo yote hupitia humo. Siku seva hiyo ikizimika, nawe umezimika. Bure inayotangazwa kwa kawaida ni kwa matumizi ya nyumbani, si kwa ofisi. Na namba ile ile anayosomewa fundi ndiyo wanayoiomba matapeli wakijifanya watu wa benki. Mwalimu akishawazoesha watu wake kusoma namba kwa kila anayepiga simu, amewafundisha kumfungulia yeyote.

Tuje kwenye uzito wa mtandao. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 4, yaani biti 32, picha moja nzima isiyobanwa ni zaidi ya megabaiti 8. Kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo wengi wetu tumeshaifanyia kazi, picha hiyo moja ingechukua kiasi cha sekunde 33 kufika. Ndiyo maana itifaki hubana picha na kupeleka palipobadilika tu, na ndiyo maana nawaambia muondoe picha ya bahari mliyoiweka nyuma ya kioo, mpunguze rangi mpaka biti 8 ili mzigo ushuke hadi robo, na msiache video ikicheza kule. Lakini mwenye SSH haijui taabu hiyo. Herufi moja ni baiti chache, na mtandao uliomshinda mwenye picha unamtosha mwenye maandishi. Kazi nyingi za fundi, kama kuanzisha upya huduma, kusoma kumbukumbu za makosa au kuhamisha faili, hazihitaji picha hata kidogo. Windows nayo siku hizi ina SSH, Mac inayo, Linux inayo. Katika itifaki tatu hizi, hiyo ndiyo inayozungumzwa na wote bila ya mkalimani.

Na ndiyo iliyozaliwa kwa ajili ya usalama. Kabla yake tulikuwa na Telnet, ambayo hupitisha neno la siri wazi wazi kama kadi ya posta. Mwaka 1995, Tatu Ylönen wa Finland aliandika SSH baada ya maneno ya siri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo chake. VNC ya asili nayo haifichi picha, na neno lake la siri huishia herufi 8 za mwanzo hata ukiandika ishirini. Basi msiifungue kwenye ruta ikaelekea intaneti. Ipitisheni ndani ya SSH:

ssh -L 5901:localhost:5900 mtumiaji@seva

Kisha muielekeze programu ya VNC kwenye localhost:5901, yaani mlango namba 5901 wa kompyuta yenu wenyewe, na SSH itaupeleka mzigo hadi mlango 5900 wa kule. RDP na mlango wake 3389 ifanyieni vivyo hivyo. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha dosari ya RDP iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mtu kuingia bila ya neno la siri lolote, na waliokuwa wameuacha mlango huo wazi ndio waliokuwa hatarini mwanzo.

Muda umenibana, kwa hiyo haya nayataja tu. Windows ya toleo la Home inaweza kwenda kwa wengine kwa RDP, lakini yenyewe haipokei wageni. Angalieni kabla ya kununua. Kwenye Mac, mkiona picha inakuja lakini kipanya hakitii, mara nyingi ruhusa iitwayo Accessibility, ya kuiongoza kompyuta, haijatolewa, na lazima itolewe kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye Linux inayotumia Wayland, ambao ni mfumo mpya wa kuchora kioo, VNC za zamani huonesha kioo cheusi. Na umeme: ingieni kwenye BIOS, yaani mpangilio wa kompyuta kabla mfumo haujawaka, muiamuru kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, maana kompyuta iliyozimika haina itifaki.

Wakati wa adhuhuri umeingia. Tukirudi kutoka kusali, kila mmoja ataunganisha kompyuta yake na seva niliyoiacha ikiwaka Unguja, na kabla ya kuandika neno la siri, ataiandika @ mahali ambapo sote tunaiona.