Mbwamwitu-Jiwe: majina ya kiume yalikotoka

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko na majina ya wanaume, yale ya tangu na tangu: Yohana, Petro, Edward, Alexander na wenzao. Mimi ni Neema, na pembeni yangu yupo kaka Yahya, ambaye leo hana pa kujificha.

YAHYA: Sina kweli. Yahya wa kwenye Kurani ndiye Yohana Mbatizaji wa kwenye Biblia. Kwa Kiebrania ni Yohanani, yaani Mungu ametenda neema.

NEEMA: Kumbe nimo ndani ya jina lako!

YAHYA: Umo, dada, tena hulipi kodi. Sasa jina hilohilo ndilo Juan kwa Wahispania, João kwa Wareno, Giovanni kwa Waitalia, Ivan kwa Warusi, Sean kwa Waayalandi. Hans nalo ni Johannes lililokatwa kichwa.

NEEMA: Na Ivan akilitamka jina lake, hiyo neema anaisikia?

YAHYA: Haisikii hata kidogo. Lilipita Ugirikini, likapita kwenye Kilatini, na waliolipokea hawakuwa na habari na maana. Walimtaka Mbatizaji, au yule mwanafunzi wa Yesu. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la mada hii. Watu wengi huazima jina kwa sababu ya mwenye jina. Maana tunaitafuta sisi, baadaye, tukiwa na muda.

NEEMA: Lakini mwanzoni kabisa jina si lilikuwa linasema kitu?

YAHYA: Lilikuwa linasema, wakati mwingine waziwazi mno. Mchukue Petro. Jina lake la kuzaliwa ni Simoni. Yesu akamwita Kefa, ambalo ni jiwe au mwamba kwa Kiaramu, na Wagiriki wakaligeuza kuwa Petros. Kwa hiyo hiyo ni lakabu.

NEEMA: Hata Tomaso nimesoma ni hivyohivyo.

YAHYA: Tomaso ni "pacha" kwa Kiaramu, basi. Injili ya Yohana inamwita pia Didimo, nalo ni pacha kwa Kigiriki. Yaani mtume mzima ametufikia kama "yule pacha", na pacha mwenzake hatajwi popote kwenye Biblia.

NEEMA: Hapo nimemkumbuka Kofi Annan. Jina lake kamili ni Kofi Atta Annan. Kwa Waakan wa Ghana, Kofi ni mvulana aliyezaliwa Ijumaa, na Atta ni pacha. Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, siku ya Ijumaa, pamoja na dada yake Efua, ambalo nalo ni la Ijumaa kwa wasichana. Ukilijua jina tu, habari za kuzaliwa kwake unazo.

YAHYA: Na tofauti yake na Ivan ni kwamba Mwakan akimsikia Kofi, anaisikia Ijumaa. Maana bado iko hai ndani ya lugha. Kiarabu nacho kiko hivyo: Muhammad, Ahmad, Mahmud, Hamid, yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa kusifu. Mwarabu haendi kutafuta kwenye kitabu. Anamsikia msifiwa papo hapo.

NEEMA: Haya, turudi kwa Waingereza, maana huko ndiko vitabu vya majina vinakotuuzia mbuzi ndani ya gunia. Fungua chochote utaambiwa William ni "mlinzi shujaa".

YAHYA: Nani kasema? William ni vipande viwili vya Kijerumani cha kale: *wil*, nia au utashi, na *helm*, kofia ya chuma ya vitani. Nia-kofia. Ukitaka kumpata mlinzi shujaa humo, lazima umwingize kwa nguvu.

NEEMA: Lakini wazazi walikuwa na maana yao, bwana.

YAHYA: Si lazima. Kuna mfano mmoja naupenda sana. Askofu wa Worcester, Wulfstan, aliyefariki mwaka 1095. Jina lake ni *wulf*, mbwamwitu, na *stan*, jiwe. Mbwamwitu-Jiwe.

NEEMA: Mtoto wa watu!

YAHYA: Sasa subiri. Baba yake aliitwa Æthelstan. Mama yake aliitwa Wulfgifu.

NEEMA: Ngoja... *wulf* ya mama, *stan* ya baba.

YAHYA: Ndiyo hivyo. Walichukua kipande kwa mama, kipande kwa baba, wakaunga. Ukitafsiri huambulii kitu, ila ukilitazama lile jina unawaona wazazi wote wawili. Hiyo ilikuwa desturi yao, kwa hiyo mtu anayekaa kufasiri majina yale kama sentensi ananichekesha.

NEEMA: Mbona leo hatuwasikii akina Wulfstan?

YAHYA: Mwaka 1066. Wanormani wanatoka Ufaransa, wanaiteka Uingereza, na mkuu wao ni huyo William. Baada ya muda Mwingereza wa kawaida naye anataka mtoto aitwe William, Robert, Richard, Henry. Na cha kuchekesha, hayo nayo asili yake ni ya Kijerumani; Wafaransa waliyarithi kwa Wafranki, watu wa Kijerumani walioitawala nchi ile zamani. Robert ni sifa na mng'aro, Richard ni mamlaka na uimara. Vipande vya ukoo uleule, ila vilikuja na watawala.

NEEMA: Edward lakini alipona.

YAHYA: Alipona kwa bahati ya mtu mmoja. Mfalme Edward aliyekufa mwanzoni mwa 1066 alitangazwa mtakatifu mwaka 1161. Mfalme Henry wa Tatu akawa mcha wake mkubwa, na mwaka 1239 akampa mwanawe jina hilo. Yule mtoto akaja kuwa Edward wa Kwanza. Lenyewe ni mali au heri, na mlinzi, lakini sidhani Henry alikuwa anawaza mali.

NEEMA: Alikuwa anamwaza mtakatifu wake. Haya, Alexander je? Hapo usiniharibie, nalipenda.

YAHYA: Hilo lina maana safi ya Kigiriki: anayelinda watu. Filipo, jina la baba yake Alexander Mkuu, ni mpenda farasi. Ila Waarabu walipolipokea, ile "Al" ya mwanzo waliisikia kama *al* yao ya kutambulisha nomino. Wakaiondoa, wakabaki na Iskandar. Ukitaka kuiona, tazama mji wa Aleksandria: wanauita al-Iskandariyya.

NEEMA: Na Yakobo ndiye James, kama sijakosea.

YAHYA: Ndiye. Kilatini kilikuwa na Iacobus, baadaye ikazuka Iacomus, na huko ndiko alikotoka James. Ndiyo maana James wa Pili alipopinduliwa Uingereza mwaka 1688, wafuasi wake waliitwa Wajakobaiti. Na Santiago ni Mtakatifu Yakobo, *Sant Iago*, ameunganishwa tu.

NEEMA: Mwanzo 25 inasema Yakobo alizaliwa ameshika kisigino cha Esau. Sasa mfalme anakaa kwenye kiti cha enzi na jina la kisigino.

YAHYA: Afadhali huyo. George ni Kigiriki, *georgos*, mtu anayefanya kazi ya ardhi. Mkulima. Wafalme sita wa Uingereza wamebeba jina hilo, na George wa Tatu alikuwa na hamu kweli ya mambo ya mashamba, hadi watu wakambandika lakabu ya "George Mkulima".

NEEMA: Wakijua kwamba wanamwita Mkulima Mkulima?

YAHYA: Waliosoma Kigiriki lazima walicheka mara mbili.