Mama, usiuze kiwanja kwanza: ukweli kuhusu kuingia unesi Marekani

Mugonile watu wa Rungwe na Kyela, kamwene Iringa na Njombe, na nyie wengine wote hamjambo. Leo mtanivumilia, niko jikoni na naongea chini chini, mwenzangu ametoka zamu ya usiku amelala chumba cha pili hapo. Hizi nyumba za huku Minnesota, Marekani, kuta zake ni mbao, ukikohoa jirani anakupa pole.

Sasa. Kuna mama mmoja wa Mbalizi alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Shikamoo mama. Binti yake amepata matokeo ya fom foo, Kemia, Baiolojia na Fizikia zote amepita, na mama kashapata mteja wa kiwanja chake Uyole. Anasema anataka auze, binti aje huku aingie unesi moja kwa moja, halafu ndani ya mwaka mmoja ataanza kurudisha hela. Nimeona nijibu hapa hadharani, maana najua siyo yeye peke yake mwenye mteja wa kiwanja.

Mama, kwanza hiyo "moja kwa moja" haipo. Huku chuo kukupokea ni jambo moja, na idara ya unesi kukupokea ni jambo jingine kabisa. Unapokelewa chuo, unakaa unasoma masomo ya awali: Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, Mikrobaiolojia, Saikolojia, vyuo vingine wanaongeza Takwimu na Kemia. Ukishamaliza hayo ndiyo unaomba tena, safari hii kiti cha unesi. Na viti ni vichache. Siyo kwamba Marekani haitaki manesi, inawahitaji sana. Tatizo wakufunzi hawatoshi na nafasi za wodini hazitoshi, na mkufunzi mmoja haruhusiwi kwenda wodini na kundi kama la kwaya. Kwa hiyo wanachuja. Kwenye vyuo vingi wanachuja kwa pointi: alama zako za yale masomo ya awali, hasa sayansi, na alama za mtihani wa kuingilia. Ukirudia somo, wengine wanakukata pointi, wengine hawakubali kurudia zaidi ya mara moja. Na sayansi uliyosoma zamani sana inachacha, vyuo vingi havipokei ikishapita miaka mitano au saba.

Mtihani wenyewe unaotumika sana unaitwa TEAS. Maswali 170, dakika 209. Kusoma na kuelewa, Hesabu, Sayansi, na Kiingereza. Kwenye Kiingereza ni maswali 37 kwa dakika 37, dakika moja swali moja, ukianza kushangaa koma imekaa wapi umekwisha. Sehemu ya Sayansi ina maswali 50 na mengi ni ya mwili wa binadamu. Hapo watoto wa kwetu tusijidharau. Mtu aliyechorewa moyo ubaoni pale sekondari ya Loleza akaambiwa ataje damu inatoka wapi inaingia wapi, huyo hana cha kuogopa. Kinachotuangusha ni kwamba tulikariri. Unajua kutaja vali nne, lakini swali linakuuliza: vali ya kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto ikivuja, damu itarudi wapi, na mgonjwa ataanza kulalamika nini? Itarudi nyuma kuelekea kwenye mapafu, mgonjwa atakosa pumzi akilala chali. Kujibu hivyo lazima uwe umeifuata damu kwa kidole njia nzima, usitegemee ule wimbo wa darasani.

Hesabu nazo ngoja niwaonyeshe, kalamu hii hapa. Mgonjwa ana uzito wa paundi 154. Daktari kaandika dawa miligramu 5 kwa kila kilo. Huku watu wanapima kwa paundi, dawa inaandikwa kwa kilo, kwa hiyo unagawa 154 kwa 2.2, unapata kilo 70. Mara 5, miligramu 350. Chupa imeandikwa miligramu 100 kwa kila mililita 2, basi unavuta mililita 7. Mnaona? Hakuna uchawi. Wenzangu waliozaliwa hapa wanahangaika na kilo na mililita, sisi tumekua nazo. Mtu aliyepima mafuta ya taa na viazi Soko la Mwanjelwa hawezi kutishwa na mililita.

Turudi kwenye hela, maana ndipo kiwanja kinapopotelea. Mtu anayekuja na viza ya mwanafunzi, ile F-1, lazima aonyeshe tangu mwanzo kwamba ada na matumizi vipo. Akifika, wakati wa masomo kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki. Zile habari za "anafanya kazi ya kuhudumia wazee usiku, mchana anasoma" ni za mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, au uraia. Mwanafunzi wa F-1 akienda kuosha wazee huko nje kwa siri, anacheza na viza yake. Msidanganywe na mtu anayewaambia ada inajilipa. Ada ya mgeni hapa ni kubwa kuliko ya mwenyeji, na yale masomo ya awali yanakula hela bila hata uhakika wa kiti. Kiwanja kinaishia kwenye Anatomia ya kwanza, binti hajavaa hata sare.

Kwa hiyo mimi, mama, kwa maoni yangu, binti aanzie nyumbani. Na siyo kwa kumpoza. Hapo Nyanda za Juu Kusini mmekaa juu ya vyuo watu wanavitafuta kutoka mbali: Tukuyu, Ilembula kule Wanging'ombe, Tosamaganga, Mbozi, ukivuka kwenda Ruvuma kuna Peramiho. Vingi vimekaa ubavuni mwa hospitali za misheni za miaka mingi. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu. Kigezo cha NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kwenye fom foo, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza zinakuongezea nguvu. Lakini kigezo ni cha kukuruhusu kusimama kwenye foleni tu. Vyuo vya serikali wanaomba wengi, na mwenye D tatu anagombania kiti na mwenye B. Aliyepata F ya Fizikia, ajiandikishe arudie mtihani Novemba, asipoteze hela kuomba chuo kisichojali kigezo. Chuo kinachokwambia "njoo tu, tutaangalia" kikimbie. Ingia kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, tafuta jina la chuo na jina la kozi, vyote viwili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini siyo kwa kozi hiyo.

Na mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa ngazi ya stashahada usiuhesabu kabla hujausoma. Unaenda kwa vipaumbele, na siyo kila kozi ya afya inaingia. Soma mwongozo wa mwaka husika ndipo upange ada.

Akishamaliza, akapita mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapata leseni na akafanya kazi kidogo, hapo ndipo mazungumzo ya Marekani yanakuwa mazungumzo. Anakuja kama muuguzi anayeomba leseni, haanzi tena na masomo ya awali. Vyeti vyake vinapitia tathmini, wengi wanatumia shirika la TruMerit, lile lililokuwa likiitwa CGFNS, halafu anafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa huku, wa kompyuta, unaoanzia maswali 85 mpaka 150 kulingana na unavyojibu. Viza bado ni mlima wake, na sheria zinabadilika, hilo aulize ubalozini wakati wake ukifika, asiulize dalali. Ila hata mlima ukigoma, bado ni muuguzi mwenye leseni na mshahara. Yule wa kiwanja akikosa kiti anabaki na nini?

Jambo moja ambalo wanafunzi wa huko mnalipuuza, naomba mlisikie vizuri. Wale watu wa tathmini hawapokei transkripti kutoka mkononi mwako. Inatoka chuoni moja kwa moja, na inatakiwa ioneshe saa ulizosoma darasani na saa za wodini: watu wazima, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili. Kwa hiyo ukiwa zamu wodi ya wazazi, kile kitabu chako cha mazoezi kisainiwe siku hiyohiyo. Usiseme nitamfuata sista wiki ijayo, sista atahamishwa. Na ukimaliza, agana vizuri na ofisi ya masijala. Nawajua watu wenye vichwa vizuri ambao faili zao zimelala kwa sababu chuoni hakuna anayepokea simu.

Kwa wale ambao tayari mna makaratasi ya kuja, green card mkononi, mjiandae hivi. Anza kusoma Anatomia ukiwa huko huko, kwa Kiingereza. Tafuta kadi yako ya chanjo, ya kliniki ile ya utotoni kama mama bado anayo, na cheti cha homa ya ini B. Halafu kuna hili la kifua kikuu. Kabla ya kwenda wodini wanakupima, na kipimo cha kawaida ni kile cha kuchoma ngozi. Sisi tumechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, kovu lile la bega la kulia, na ngozi inaweza kuvimba ukaonekana una maambukizi wakati huna. Watu wanapelekwa eksirei, wanapoteza wiki, wengine wanaanza kulia. Waambie mapema una BCG, uombe kipimo cha damu. Hicho hakisumbuliwi na chanjo.

Wiki ijayo nafanya hesabu za dripu, matone kwa dakika, kwa wale wa mwaka wa kwanza mliokuwa mnaniomba. Mje na karatasi, na kikokotoo mkiweke mbali. Mama wa Mbalizi, mimi nitakupigia mwenyewe baada ya ibada Jumapili, ila yule mteja mwambie bado mnajadiliana.