Tungeagiza kamera ya pwani, ingekuwaje?

MWANAIDI: Asalaam aleikum wasikilizaji. Leo mimi na kaka Salimu tunataja kamera na lenzi ambazo mpiga picha wa Tanga angeziagiza kama kiwanda kingemsikiliza. Naanza na megapikseli, na ninazotaka ni 24, basi.

SALIMU: Waaleikum salaam. Dada, watu wanauziwa 45 na 60 huko madukani!

MWANAIDI: Waache. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya inchi 20 kwa 13. Albamu gani ya harusi inazidi hapo? Na RAW isiyobanwa, yaani faili ghafi la kamera, ni kama MB 48 kwa picha. Piga picha 2000 siku ya harusi, tayari ni GB 96. Ya megapikseli 60 ni mara mbili na nusu ya hapo, na diski unanunua mwenyewe.

SALIMU: Basi hela hiyo mimi naipeleka kwenye shata, lile pazia linalofunguka kupisha mwanga. Huku kwetu mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakaa utosini kabisa. Msimamishe bwana harusi pale Raskazone saa saba mchana, na kanzu yake nyeupe na kofia: macho yote yamezama kwenye kivuli. Lazima umpe fleshi. Sasa piga hesabu. Jua kali, ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), kasi ya shata 1/250 ya sekunde, unapata apecha, yaani tundu la lenzi, ya f/11; namba ikipungua, tundu linapanuka. Na kamera nyingi kwa fleshi zinaishia 1/200 au 1/250. Kwa f/11 kila kilichoko nyuma kinaonekana, nyaya za umeme, bodaboda zilizoegeshwa, vyote. Ukitaka f/2.8 ili nyuma kulainike, umeongeza mwanga hatua 4, na kila hatua ni mara mbili.

MWANAIDI: Kwa hiyo unakwenda 1/4000.

SALIMU: Ndiyo, na hapo ndipo picha inapotoka na utepe mweusi. Kwenye kasi hiyo shata haifunguki yote kwa wakati mmoja, ni mwanya mwembamba unaopita juu ya sensa, kile kibamba kinachopokea picha. Fleshi inapowaka inamulika ule mwanya tu. Kuna HSS, fleshi inapigapiga mfululizo mpaka mwanya umalize kupita, lakini inakula nguvu mno, na fleshi ndogo ya juu ya kamera haifui dafu mbele ya jua letu. Dawa ya leo ni kufunga filta ya ND ya hatua 4, kioo cheusi kinachopunguza mwanga, mbele ya lenzi. Unabaki 1/250 na f/2.8 yako.

MWANAIDI: Na ukiingia kivulini unaifungua tena, vidole vina jasho, unaiangusha mchangani.

SALIMU: Ndiyo maana naitaka ndani ya bodi ya kamera, nyuma ya lenzi, nabonyeza kitufe tu. Fujifilm X100VI inayo ya hatua 4, ila lenzi yake haibadilishwi. Sony A9 III imepita njia nyingine: sensa yake inasoma picha nzima kwa mpigo mmoja, fleshi inakwenda nayo hadi 1/80000. Kasoro yake, ISO inaanzia 250, na ilitoka kwa karibu dola 6000. Nipeni hiyo hiyo ianzie 100, kwa bei ya mtu anayepiga harusi za mtaani Ngamiani.

MWANAIDI: Mimi kwenye kanzu hiyo hiyo ninachodai ni histogramu ya RAW, ule mchoro unaoonyesha mwanga na giza vilivyogawanyika kwenye picha. Histogramu tunayoonyeshwa sasa imetokana na JPEG iliyokwishapikwa na kamera. Inakutisha kwamba kanzu imeungua, imekuwa nyeupe tupu, wakati RAW bado ina nafasi, unapunguza mwanga, na uso wa mtu unazama gizani bure. Halafu kipimo chenyewe cha mwanga kinataka kila kitu kiwe kijivu. Kanzu ikijaa fremu, kamera inaifanya kijivu. Buibui likijaa, inalipausha. Kwa hiyo unafidia kwa mkono, hatua +1 hadi +1⅔ kwa kanzu, −1 kwa buibui. Wakisimama pamoja, linda kanzu, kisha inua vivuli kwenye kompyuta. Na ukiinua, inua kwa adabu. Ngozi nyeusi ibaki nyeusi na mng'ao wake. Kumpausha bi harusi wa watu ni kumkosea.

SALIMU: Kabisa. Haya, lenzi. Mimi nachukua mbili zisizozumu, milimita 35 inayoona pana na milimita 85 inayovuta, zote f/1.8.

MWANAIDI: Na pale Deep Sea samaki wanaponadiwa, kusi linavuma, rasharasha za chumvi hewani, utabadilisha lenzi wapi? Sensa iko wazi!

SALIMU: Sibadilishi. Mnadani ni 35 peke yake, f/8, fokasi nimeifunga kwenye mita 5. Kuanzia mita 2 na nusu mpaka upeo wa macho kila kitu kimekaa sawa, sina haja ya kusubiri fokasi. Tatizo, lenzi nyingi mpya hazina vipimo vya mita kwenye pete ya fokasi. Unazungusha tu, haikuambii uko wapi. Nataka namba zilizochongwa na pete inayogota mwisho. Ile 85 ni ya sura za watu. Ila kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2, kilicho kwenye fokasi ni kama sentimita 6 tu. Akigeuza uso kidogo, jicho la pili limetoka. Tumia f/2.8.

MWANAIDI: Mimi nataka moja ya kuzumu, 24–105, f/4, lakini isirefuke inapozumu. Zumu inayorefuka ni pampu: kila ukiivuta inanyonya hewa, vumbi na unyevu. Canon wanayo RF 24–105 f/2.8 inayozumu kwa ndani, ila ina uzito wa gramu 1330. Nifanyieni ya f/4, gramu 700.

SALIMU: Ukumbini usiku f/4 itakubana.

MWANAIDI: Itanibana, nakubali. Lakini ukumbini adui mkubwa ni taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukitumia shata ya kielektroniki kwa 1/500, unapata mistari. Shuka 1/100 au 1/50.

SALIMU: Tumalizie na fangasi, maana ndio wanaoua lenzi nyingi huku, na wengi wananunua za mkononi. Muuzaji akikuletea, toa vifuniko vyote viwili, fungua apecha mpaka mwisho, washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma kwa mshazari, wewe chungulia kwa mbele. Vumbi ni nukta nukta, si hoja. Ukiona vinyuzi kama utando wa buibui, hao ndio.

MWANAIDI: Hata bei ikiwa nusu?

SALIMU: Hata ikiwa nusu. Wanakula mipako ya kioo, na fundi akisafisha, alama inaweza kubaki.

MWANAIDI: Na ukipata safi, usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi. Kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ndani, na kipima unyevu, kikae kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usiweke, una vumbi. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Na ukitoka ufukweni, usifute bodi kwa kitambaa kikavu, chembe za chumvi zinakwaruza. Puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana. Jioni hiyo hiyo, kabla hujala.