Zimebaki Siku Ngapi? Mhadhara Kuhusu Hesabu ya Kurudi Nyuma

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wasikilizaji,

Nashukuru kwa kualikwa Moshi katika mwezi huu wa Novemba, ambapo mji wenyewe umo katika hesabu: walioko Dar es Salaam wanauliza nauli, walioko nyumbani wanamtazama mbuzi wa Krismasi, na kila simu huishia kwa swali lile lile, zimebaki wiki ngapi? Wengi hulichukulia kuwa swali la hamu. Mimi naliona kuwa swali la kazi. Anayehesabu kwenda mbele huuliza amefika wapi, ilhali anayehesabu kurudi nyuma ameshasimama kwenye siku yenyewe, akageuka kutazama ni lipi lilipaswa kuwa tayari kabla yake.

Mfano wa karibu ni kikao cha harusi. Tarehe ikishapatikana, katibu huanzia hapo kurudi: ukumbi utalipiwa lini, kadi zitoke lini, sendoff iwe wiki gani, na ahadi za michango zifungwe siku ipi ili mweka hazina awe na fedha taslimu mkononi badala ya orodha ya majina. Zikibaki wiki nane kila mtu ni mkarimu wa ahadi. Zikibaki wiki mbili, simu za baadhi yetu hazipatikani. Kwa hiyo mwenyekiti anapofungua kikao kwa kutaja siku zilizobaki, hamwambii bwana harusi jambo asilolijua. Anamwambia mwenye ahadi kwamba muda wa kuahirisha umekwisha. Nimewahi kuwa katibu wa kamati iliyotuma kila asubuhi ujumbe wenye maua na idadi ya siku, na siku tatu kabla ya sherehe tukagundua kwamba hakuna aliyelipia gari la maharusi.

Wenye roketi waliziba pengo hilo la kuhesabu siku bila kukagua kazi. Kuhesabu hadi sifuri kabla ya kuruka kulipata umaarufu kupitia filamu ya Kijerumani ya mwaka 1929, ambayo ilitaka kuwaweka watazamaji roho juu. Lakini wahandisi wa Marekani walipoichukua desturi hiyo, waliiwekea vituo, yaani vipindi ambavyo hesabu husimamishwa makusudi ili kazi iliyochelewa ikamilishwe. Mnamo Desemba 1972, Apollo 17 ilipobakiza sekunde 30, mtambo uliisimamisha hesabu wenyewe kwa sababu amri ya kuongeza shinikizo katika tangi la oksijeni la hatua ya tatu ya roketi haikuwa imetolewa. Walichelewa saa 2 na dakika 40, kisha wakaenda mwezini na kurudi salama. Sijaona kamati ya harusi yenye ujasiri wa namna hiyo, na wala siishauri, maana wazazi wa bibi harusi hawana subira ya wanaanga.

Ipo pia hesabu ya siku zile zile inayojumlisha. Mwaka 1839 mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini mjini Hamburg, alichoka kuulizwa kila siku kama Krismasi imefika, akachukua gurudumu la mkokoteni na kulipangia mishumaa, mmoja uwashwe kila siku ya Majilio. Mishumaa minne tunayoiwasha makanisani hapa Moshi, mmoja kila Jumapili, imetokana na gurudumu lile. Mtoto aliyelelewa kwa Wichern hakuhesabu kinachopungua. Aliona mwanga ukiongezeka, na nadhani ndiyo sababu kungoja kwake kulikuwa kwepesi kuliko kwetu.

Hesabu ninayoistahi kuliko zote ni ya mwisho wa Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, kwa sababu anayeihesabu hajui sifuri yake iko wapi. Mwezi huwa na siku 29 au 30, na hakuna anayetaka kuhesabiwa siku ambayo haijaandama. Jioni ya tarehe 29 familia huwa zimeshajiandaa kana kwamba kesho ni funga: tende zimenunuliwa, chakula cha daku kiko jikoni, watoto wako nje wanatazama magharibi, na wakubwa wamekaa karibu na redio wakisubiri tangazo la Mufti. Mwezi ukionekana, watu huamshwa usiku kula daku. Usipoonekana, chakula kile huliwa asubuhi kama kiporo, na jikoni huandaliwa daku nyingine.